Cheti cha Kifo cha Fanki

Saa tatu kamili asubuhi, Jumapili ya tarehe 22 Juni 2025, kipimajoto cha mkononi cha Mzee Anyelwisye kilisoma nyuzi joto tisa. Ukungu ulikuwa umeikalia Igowole. Mti wa msindano uliokuwa umbali wa hatua hamsini ulionekana. Ule wa hatua sitini haukuonekana. Aliyaandika yote kwenye daftari, kisha chini yake akaandika sababu ya safari: "Kuthibitisha kwamba hakuna kitu."

Alikuwa mkazi wa Ilomba, Mbeya, mwenye miaka sitini na tisa, na kwa miaka thelathini na minne alikuwa amefanya kazi ya kupima hali ya hewa. Kila siku saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri alisoma vipimo, akaandika alichokiona, basi. Mwaka 1994 aliugua, mvua ya siku mbili ikapita bila kupimwa, na mkuu wake akamshauri ajaze tarakimu za kukadiria, kwani nani angejua. Anyelwisye aliandika "haikupimwa" mara mbili, kwa wino, na cheo chake kikachelewa miaka sita. Kisa hicho alikisimulia bila majivuno, ila alikisimulia mara kwa mara.

Kabla ya vipimo alikuwa mpiga gitaa la besi. Kuanzia 1974 hadi 1979 alipiga katika Ukungu Jazz, bendi ambayo, licha ya jina lake, haikupiga jazi hata siku moja. Ilipiga fanki. Ilikufa siku ngozi ya dramu kubwa ilipopasuka na ya kuibadili isipatikane Mbeya wala Dar es Salaam. Kwa hesabu za Anyelwisye, fanki halisi ya Nyanda za Juu Kusini ilikufa wiki hiyo hiyo, na tangu astaafu alikuwa akikusanya ushahidi wa kifo hicho kwa fomu aliyoitunga mwenyewe.

Fomu ilikuwa na maswali saba. La kwanza liliuliza kama pigo la kwanza la kila mzunguko lina uzito kuliko mengine yote. La pili liliuliza kama besi inaufuata wimbo au wimbo unaifuata besi. La tatu lilihusu mashine. Bendi ya hoteli moja ya Mbeya ilianguka hapo, kwa kuwa mpiga dramu wake alikuwa kisanduku chenye waya. Vijana wanne waliojiita Wazee wa Fanki, mkubwa wao akiwa na miaka ishirini na minne, walianguka swali la pili, maana besi yao ilikuwa ndani ya kompyuta na kompyuta iliisha chaji. Mgeni mmoja kutoka Ulaya aliyevaa suruali ya miguu mipana alidai kwamba fanki ni yeye mwenyewe. Fomu haikuwa na swali la suruali, kwa hiyo hakupimwa.

Hakuna aliyewahi kufika swali la saba: "Je, msikilizaji aliyeamua kutulia anaweza kutulia?"

Habari za fomu hizo zilifika Iringa, kwenye kituo kimoja cha kumbukumbu za muziki, na mkurugenzi wake, Matilda, akamwandikia barua. Kituo kilikuwa kinafungua chumba cha muziki uliotoweka. Katikati ya chumba kingekaa kisanduku cha kioo chenye taa yake, na ndani yake gitaa la Anyelwisye, likiwa na kibao: "Gitaa la Mwisho la Fanki, Nyanda za Juu Kusini." Alichotakiwa kufanya ni kulileta gitaa na kutia saini tamko kwamba muziki huo haupigwi tena mahali popote katika nyanda hizo. Uzinduzi ungekuwa Jumatatu saa tisa alasiri. Anyelwisye aliisoma barua mara tatu. Miaka arobaini na sita gitaa lile lilikuwa limelala juu ya kabati, na wajukuu waliliita kasia. Alinunua viatu vipya. Mkewe, Lusia, aliwaarifu akina mama wote wa jumuiya.

Kisha Gideoni akapiga simu. Huyu ndiye aliyekuwa mpiga dramu wa Ukungu Jazz. Sasa alikuwa mtu wa mbao huko Igowole. Alisema amesikia habari za tamko, na kwamba ana jambo dogo la kumwambia kabla hajatia saini. Kanisani kwao, msimu wa mavuno, baada ya ibada, kuna mnada wa sadaka za mazao, na matarumbeta ya kanisa hupiga wakati wa mnada. Anyelwisye alimjibu kwamba matarumbeta ya kanisa hupiga nyimbo za kanisa.

"Njoo usikilize," Gideoni alisema, "kabla hujamzika mtu akiwa mzima."

Mtu wa vipimo hawezi kukataa kupima. Ndiyo maana asubuhi hiyo alikuwa Igowole, gitaa likiwa kwenye mkoba mgongoni, fomu mpya ikiwa mfukoni. Gideoni alimpokea kwa salamu ya kamwene, mara mbili, akamkagua viatu, akamuuliza kama anaoa.

Ibada ilikwisha saa nne na dakika thelathini na tano. Waumini walitoka, wakazunguka meza iliyojaa maboga, mahindi, maharage, viazi na kuku waliofungwa miguu. Mnadi alikuwa mama mfupi anayeitwa Faustina, muuza maharage, mwenye mwiko mkononi na debe tupu mbele yake. Nyuma yake walisimama wapulizaji tisa na vijana wawili wa ngoma.

Gideoni alimweleza ilivyoanza. Zamani matarumbeta yalipiga ubeti mmoja kati ya bidhaa na bidhaa, kisha kimya. Watu wa huku wanafikiri kabla ya kutaja bei, na kimya kikiingia hufikiri zaidi, wengine hufikiria hadi nyumbani. Faustina alipochaguliwa kuwa mnadi alitoa amri moja: matarumbeta yasinyamaze mpaka kitu kiuzwe. Tatizo likawa kwamba wimbo wa kanisa una mwisho, na boga linaweza kukaa mezani robo saa. Basi wakachukua kipande kifupi kisicho na mwisho, wakakizungusha. Ili wasipoteane, Faustina alipiga debe kila mzunguko ulipoanza, na wao wakalifuata. Hawakukipa jina. Walikiita ya mnada.

Debe la kwanza lilipigwa saa nne na dakika hamsini.

Anyelwisye alifungua fomu. Swali la kwanza lilijibiwa na mwiko: kila mzunguko ulipoanza, ngoma, debe na tarumbeta zote ziliangukia mahali pamoja, kama gunia linaposhushwa. Akaweka alama ya ndiyo. Alipokuja swali la pili alimtafuta mpiga besi, akamwona: msichana mchuma chai, jina lake Anjela, amejiviringishia tuba, tarumbeta kubwa la sauti nzito, iliyozibwa ufa kwa mpira wa baiskeli. Hakupuliza wimbo. Alipuliza noti nne, akaacha nafasi, akapuliza tatu, na ile nafasi ndiyo iliyokuwa ikiwatikisa watu mabega. Ndiyo. Mashine haikuwepo, hata umeme haukuwepo. Aliwasha kipima-mapigo cha simu: mia moja na nne kwa dakika. Baada ya dakika tisa na maboga mawili alipima tena. Mia moja na nne.

Alimwambia Gideoni kwamba hiyo ni bahati tu. Gideoni alimjibu kwamba bahati ya dakika tisa haijawahi kumkuta.

La nne, la tano na la sita yalipita. Swali la saba lilihitaji msikilizaji aliyeamua kutulia. Anyelwisye alitazama umati, akaona kwamba hapo hakuna aliyeamua hivyo, akajiteua. Alibana miguu ndani ya viatu vipya, akashika fomu kwa mkono wa kushoto, akaukaza mgongo. Alijua kwamba jibu lolote katika mstari huo lingeamua kama gitaa lake litakaa ndani ya kioo kesho, na kwa mara ya kwanza tangu 1994 alitamani kipimo kiwe upande wake.

Faustina aliinua jogoo mwekundu.

Katika Ukungu Jazz, mpiga besi ndiye aliyeonyesha pigo la kwanza. Aliinua kidole cha shahada cha mkono wa kulia, na Gideoni akapiga. Miaka mitano, kila usiku wa dansi, kidole kile kilifanya kazi hiyo bila kuagizwa. Na katika mnada wa kanisa, kama kila mtu wa Igowole anavyojua, kidole kimoja ni shilingi elfu moja.

Jogoo alianzia elfu kumi na tano. Mama mmoja mwenye kitenge cha njano alimtaka, akiitikia kwa kichwa kila zamu yake. Faustina alipiga debe, akamtazama mama, akapiga debe, akamtazama mzee wa gitaa, na bei ikapanda. Ilipofika elfu thelathini mama alijitoa. Bei haikusimama. Ilipofika thelathini na nane Faustina alishusha mwiko, ingawa matarumbeta, kwa amri yake mwenyewe, yaliendelea.

"Samahani, baba," alisema. "Yule mama amejitoa zamani. Unashindana na nani?"

Anyelwisye alikitazama kidole chake. Kilikuwa juu.

Watu walicheka kwa heshima, yaani wakiwa wamejifunika midomo kwa vitabu vya nyimbo. Gideoni hakujifunika.

"Nimekuhesabu," alisema. "Mara kumi na tano, zote kwenye pigo la kwanza, hata moja haikuchelewa. Miaka mitano kwenye bendi hukuwahi kunipa moja safi kama hizi."

"Nilikuwa nahesabu mizunguko."

"Ulikuwa umetulia?"

Anyelwisye alifungua pochi. Alilipa, akapokea jogoo akiwa amefungwa miguu kwa kamba ya katani, akamfuata Anjela aliyekuwa anamwaga mate ya tuba. Alimuuliza amejifunza wapi. Hapa hapa, kwenye mnada. Alimuuliza ana miaka mingapi. Ishirini na miwili. Alimuuliza tangu lini anapiga fanki, na Anjela, baada ya kufikiri, aliuliza kama fanki ni ile dawa mpya ya viwavijeshi.

Saa sita na dakika nne Anyelwisye aliandika kwenye mstari wa saba: "Hawezi." Wino ulikuwa wa buluu.

Siku ya pili, saa nane na robo mchana, aliingia kwenye kituo cha Iringa na gitaa mgongoni na jogoo kwapani. Matilda alimpokea kwa shikamoo nzuri, akalichukua gitaa kwa mikono miwili kama mtoto wa ubatizo, akalisimamisha ndani ya kisanduku na kuwasha taa. Kibao kilikuwa tayari, maandishi ya dhahabu. Anyelwisye alisimama mbele ya kioo dakika nne. Gitaa lilionekana kubwa kuliko alivyolijua. Hapo lisingeitwa kasia.

Kisha Matilda akamwekea tamko mezani, na yeye akaweka fomu juu yake.

Matilda aliisoma yote. Alisema kwa upole kwamba ni kazi nzuri, ila huko Igowole wenyewe hawaiiti fanki, na kitu kisichojiita fanki kinaweza kuachwa. Anyelwisye alisema ukungu nao haujiiti ukungu. Matilda alisema basi waongeze maneno "kwa kadiri tunavyojua." Anyelwisye alisema tatizo ni kwamba sasa anajua.

"Mzee wangu," Matilda alisema, "mfadhili wetu anahifadhi vilivyokufa. Vilivyo hai vina mfadhili mwingine, na fomu zake zilifungwa Machi. Ukiandika kwamba ipo, hili linabaki gitaa la zamani tu. Yapo mengi."

"Najua yapo mengi."

"Mgeni rasmi anafika baada ya nusu saa. Nisaidie."

Anyelwisye alilitazama gitaa, akaitazama kalamu, akainama. Chini ya maneno "Fanki haipo tena" aliandika: "Ilipimwa Igowole, 22 Juni 2025. Ipo." Akatia saini, kwa kuwa nafasi ya saini ilikuwepo.

Matilda hakupandisha sauti. Alifungua kisanduku, akatoa gitaa, akamkabidhi mwenyewe. Kubandua kibao kulihitaji bisibisi, na bisibisi ilikuwa kwa fundi. Matilda alifunika kisanduku kwa kitambaa cha uzinduzi ili kisionekane kitupu, akawaza kwamba mgeni atazindua chumba kwa jumla na kitambaa kibaki palepale. Kisha akamwona jogoo chini ya meza. Nje magari yalikuwa yameshafika. Alimwita Obeid, mhudumu wa kituo, akamwambia kwamba yule ndege asionekane na mgeni rasmi kwa namna yoyote, akakimbilia mlangoni kupokea.

Obeid alitazama chumba. Kilikuwa na kuta nyeupe, meza za miguu myembamba, na kitu kimoja tu kilichofunikwa.

Anyelwisye hakuyaona hayo. Alikuwa barazani akirudisha gitaa kwenye mkoba na kubishana na zipu. Zipu ilipokubali, aliingia ndani kumchukua jogoo wake, akakuta hotuba imeshaanza, akasimama nyuma kabisa karibu na mlango. Mgeni rasmi alisema taifa lisilokumbuka lilichopoteza ni kama nyumba isiyo na mlango. Alisema ni heshima kwake kuwaonyesha wananchi mabaki ya mwisho ya sauti ambayo hawataisikia tena. Matilda alinyoosha mkono kumzuia, akachelewa. Kitambaa kilivutwa.

Ndani ya kioo, chini ya taa, juu ya maandishi ya dhahabu, jogoo mwekundu aliinua kichwa.

Saa tisa na dakika mbili aliwika. Anyelwisye alitazama saa yake, akafungua daftari, akaandika.