Joto la Masanduku Matatu

Masanduku matatu, joto lilelile: nyuzi thelathini na saba na nusu. Nilitazama kioo kidogo cha mashine yangu ya kutotolea vifaranga, hasira ikanipanda. Sanduku moja liko mlangoni linapigwa upepo, jingine katikati, la tatu limebanana na ukuta wa jiko. Hata watoto wa tumbo moja hawapati homa sawasawa.

Mayai ya Mama yalikuwa kwenye hilo la ukutani. Ugonjwa wa kideri ulikuwa umefagia kuku wake wote huko Bombo, na mayai hayo ndiyo mbegu pekee iliyobaki ya kuku aliorithi kwa bibi. Alikuwa njiani kuja kwangu Nateete kuyaona.

Nikampigia Dady, fundi Mkongomani aliyenitengenezea mashine hiyo. Alikuja na kompyuta yake akinitania kwamba sisi Wanubi tunaogopa hata namba nzuri. Nikamwambia afungue programu kwanza, utani baadaye.

Alisoma mistari yake ya Lua, lugha ya kompyuta aliyoandikia programu. Aliiandika nilipokuwa na sanduku moja tu. Kisha majirani wakaleta mayai yao, na kwetu yai la jirani halikataliwi, nikaongeza masanduku. Dady akaongeza majina ya masanduku hayo kwenye programu, asiguse kitu kingine.

"Mama Faruk, kosa ni yangu," aliniambia. "Joto niliandika Sanduku.joto, ni kusema ya darasa, ile pulani ya masanduku yote. Yote tatu inaandika na kusoma pahali pamoja. Ya mwisho kupima ndiyo inasemea zingine. Ingekuwa self.joto, kila moja na yake."

Nikamuuliza ni lipi linalopima mwisho. Akaelekeza kidole mlangoni.

Basi nikaelewa. Kila upepo ulipopoza sanduku la mlangoni, taa za kupasha joto ziliwaka kote, hata ukutani ambako hakuna upepo. Dady alibadilisha mistari. Kioo kikazimika, kikawaka. Mlangoni thelathini na saba na nusu. Katikati thelathini na tisa. Ukutani arobaini na moja.

Nilikuwa nimelifungua sanduku la ukutani, joto linanipiga usoni, Mama alipoingia. Sikuwa na uongo wa kumpa. Nikamweleza yote.

Alifunga pazia, akawasha tochi ya simu, akayamulika mayai moja moja. Kila alilolishika lilikuwa limetulia kimya ndani, naye akaliweka chini polepole. Nililia bila kujificha. Alipofika kwenye yai la mwisho mkono wake ulisita. Mishipa myekundu, na katikati yake kitu kikajitikisa.

Dady akasema kwa sauti ya chini kwamba sasa kila sanduku linasoma joto lake lenyewe, Mama alirudishe yai tu.

Mama alilifunga yai kwenye kitambaa, akalipachika tumboni chini ya gauni.

"Hii sirudishi kwa boksi," alisema. "Nitailalia mimi mwenyewe."