Kambare Kabla ya Saa Kumi

Watu hufungwa kwa kuiba samaki, kwa kuvua mahali palipokatazwa, kwa kurusha baruti majini. Mimi nilikaribia kufungwa kwa kutojua kuvua. Kosa langu lilikuwa kukaa ukingoni mwa mto Ruvubu tangu asubuhi hadi saa saba mchana, kapu tupu.

Ilikuwa Novemba ya mwaka sabini na nane. Vita vilikuwa vimeanza, adui ameshalivunja daraja la Kyaka, redio haikuwa na habari nyingine, na huku Ngara, ingawa mizinga hatukuisikia, kila mtu asiyejulikana alikuwa amepewa jina moja tu: jasusi.

Koleta, mke wangu, alikuwa amejifungua kwao siku nane zilizopita. Mama mkwe, Domisiana, akasema jikoni kwa sauti ya kunifikia uani kwamba mkwe wa Kisukuma anajua maziwa tu. Mchuzi wa kambare binti yake ataunusa kwa jirani. Nilicheka na wengine pale uani. Jogoo wa kwanza alipowika nikaazima mti wa kuvulia, mshipi na ndoana ya baba mkwe, nikatembea saa tatu hadi mtoni. Barua ya mwenyekiti wa kijiji chetu cha Nemba, iliyoeleza mimi ni nani na nimekwenda kwa nani, niliiacha kwenye mfuko wa suruali nyingine, imekunjwa vizuri sana.

Kilichonikamatisha ni mluzi. Kwetu ng'ombe akiinamia maji, mchungaji humpigia mluzi mrefu wa taratibu ili anywe ashibe. Nimeufanya tangu sijaota meno ya mbele mara ya pili. Nikikaa penye maji, mdomo unajikunja wenyewe. Basi nilikuwa nimekaa nauangalia mto, napiga mluzi kuelekea ng'ambo, na ng'ambo ni nchi ya watu.

Nyuma yangu mtu akauliza, "Unamwita nani?"

Alikuwa Matiasi, kamanda wa mgambo wa pale, mtu mfupi mwenye saa ya mkononi aliyoivaa juu ya mkono wa shati ili kila mtu aione. Pembeni yake Evaristi, kijana mrefu aliyebeba bunduki kama mtu aliyebebeshwa mtoto wa jirani.

"Simwiti mtu, ndugu kamanda. Ni mazoea ya ng'ombe."

Matiasi akatazama kulia, akatazama kushoto. "Ng'ombe wako wapi?"

"Nemba."

"Nemba ya Biharamulo. Wanausikia huo mluzi?"

Nilijua kwamba nikicheka nimekwisha. Nikamweleza habari za mke, za mtoto, za barua. Akaniuliza barua iko wapi, nikamwambia. Akaniuliza nafanya nini mtoni, nikamwonyesha ndoana. Akaenda kulifunua kapu, akalifunika.

"Tangu saa ngapi?"

"Saa moja."

"Saa sita nzima mtoni, na hata dagaa huna. Mtu wa hivyo havui, ndugu. Ana kazi nyingine."

Kituo chao kilikuwa kibanda cha nyasi hatua chache kutoka majini. Ndani alikaa mtu mzima mmoja, mikono imefungwa kamba mbele. Nikamwamkia shikamoo. Akaitika marahaba, akajaribu kunipa mkono, kamba ikamkatalia, tukabaki tunatazamana. Aliitwa Niragira. Alivuka kutoka kwao miaka sita iliyopita, wakati wa mauaji ya kule, akalima upande wetu hadi siku hiyo. Cheti chake, alisema, kiliungua pamoja na nyumba yake siku walipohamishiwa kijiji cha ujamaa.

"Gari linapita saa kumi," Matiasi akasema. "Linakusanya watu msio na karatasi. Halirudi hadi wiki ijayo, na mimi sina chakula cha kulisha majasusi."

Hakuhitaji kueleza zaidi. Tulikuwa tumeshasikia ya lile gari. Mtu alipanda Jumatatu, na ndugu zake wakaanza kumtafuta ofisi hadi ofisi, mwezi wa kwanza, mwezi wa pili. Nikamfikiria mtoto wangu, ambaye hata jina hatujampa.

"Nitume mtu kwa wakwe zangu," nikasema.

"Saa tatu kwenda, saa tatu kurudi. Hesabu mwenyewe." Akaitazama saa yake. Kisha akanitupia ule mti. "Unasema wewe mvuvi. Vua. Ukitoa samaki kabla gari halijafika, nitaamini. Usipotoa, utapanda."

Ilikuwa saa saba na nusu.

Niliingia kazini kama mtu anayezima moto. Nikachoma tonge la ugali kwenye ndoana, nikasimama ukingoni kabisa, nikarusha katikati ya mto kwa nguvu zangu zote. Nikavuta. Nikarusha tena. Ugali ukatoka. Nikachoma mwingine. Kwa saa nzima nilichopata ni jasho na tawi moja.

Kutoka kibandani Niragira akaanza kukohoa. Baadaye nikaelewa kuwa anajizuia kucheka.

"Kijana," akasema, "unawapigia ngoma au unawavua?"

Nikamwangalia Matiasi. Alikuwa anaitazama saa yake.

"Kambare anasikia mguu wako kabla hujafika. Umesimama hapo unakanyagakanyaga, kivuli chako kimelala juu ya maji. Wote wameshahama. Rudi nyuma. Kaa chini. Miguu itulie."

Nikarudi, nikakaa. Akaniuliza ndoana hiyo nimeinoa lini. Sikujua kama hunolewa. Akaniambia niiguse kwenye ukucha wa kidole gumba. Isipokwaruza ni butu. Haikukwaruza. Nikaisugua kwenye jiwe hadi ikashika ukucha.

"Na ugali uwaachie Evaristi na wenzake. Chimba pale penye majani yaliyooza."

Nikachimba kwa vidole. Minyoo ilikuwepo, minene. Nikaichoma miwili, akanisahihisha kutoka kule alikokaa: nifiche ncha yote, niache mkia ucheze.

"Sasa usirushe katikati. Katikati wanapita tu. Unaona yale mafunjo, mahali maji ya tope yanapokutana na maji meusi? Weka hapo. Weka, usirushe. Kama unamlaza mtoto."

Nikaiweka. Kipande cha bua nilichokifunga kiwe boya kikasimama wima juu ya maji meusi, kikatulia.

"Saa tisa na robo," Matiasi akasema.

Kungoja ni kazi ngumu kuliko kulima, nakuambia. Nzi akanitembea puani, nikamwacha. Ng'ambo kitu kama gogo kikaingia majini bila kelele, na gogo haliingii lenyewe. Mdomo ukataka kujikunja upige mluzi. Nikauuma.

Saa tisa na dakika arobaini boya likatikisika. Mikono ikaruka yenyewe.

"Bado," Niragira akasema kwa sauti ya chini. "Anaonja."

Likatikisika tena, mara mbili, likatulia. Juu ya kilima nikasikia injini.

"Gari," Evaristi akasema.

"Bado."

"Mzee, gari linakuja."

"Nimelisikia. Kambare hajalisikia. Bado."

Injini ilikuwa inashuka kona ya kwanza. Boya likalala upande, likaanza kutembea pole pole kuelekea mafunjo, halafu likazama, likaenda.

"Sasa."

Nikainua. Ule mti ukapinda hadi nikafikiri umevunjika, na kule chini kitu kizito kikakasirika. Mimi ninajua namna moja tu ya kuvuta: namna ya kumvuta dume kwa kamba, kisigino ardhini. Nikajitupa nyuma, nikataka kuuzungusha mshipi mkononi.

"Usizungushe, utakukata vidole," Niragira akasema, na sasa alikuwa amesimama mlangoni, mikono yake iliyofungwa mbele ikiinuka na kushuka kama ni yeye aliyeshika. "Akivuta, mpe. Akichoka, mchukue. Anakwenda kwenye mizizi. Laza mti upande wa pili, mgeuze kichwa. Mgeuze."

Nikaulaza. Akageuka. Gari likasimama nyuma yangu, dereva akapiga honi mara mbili, na hakuna hata mmoja aliyemjibu. Nilimpa, nikamchukua, nikampa tena, hadi kichwa kipana chenye masharubu kikatokea, kikapanda tope, nikakidaka.

"Usishike mapezi ya ubavuni, yana miba," mzee akasema, kwa kuchelewa. Damu yangu ikachanganyika na tope.

Matiasi akamkanyaga kambare shingoni, akampima kwa macho. Urefu wake ulikuwa kama mkono wangu hadi kwenye kiwiko. "Haya," akasema. "Chukua samaki wako, nenda kwa mkeo."

Evaristi akamshika Niragira bega, akampeleka kwenye gari.

Nitakuwa mwongo nikisema nilikataa palepale. Nilimtia kambare kapuni. Nilipanda njia hatua kama ishirini, natembea haraka, sigeuki. Nilijiambia mimi nina mtoto wa siku nane. Halafu nikasikia mlango wa nyuma wa gari ukifunguliwa, na nikajikuta narudi, naitukana miguu yangu kimoyomoyo.

"Kamanda. Samaki huyu si wangu."

"Ni wa nani?"

"Wa huyo mzee. Mimi nilishika mti tu. Wote mmemsikia."

Matiasi akanitazama kama mtu aliyerudishiwa chenji asiyoidai. "Unajua unachosema? Kama si wako, basi hujavua kitu. Mtihani umeshindwa."

"Najua."

"Basi panda naye."

Dereva akasogea kunipisha. Nikaweka kapu chini, nikaweka mguu kwenye bampa. Niragira, aliyekuwa ameshakaa ndani, akanitazama kwa hasira ya kweli.

"Mjinga wewe," akaniambia. "Nimekufundisha bure."

Ndipo Evaristi, ambaye siku nzima hakuwa amesema maneno kumi, akajikuna shingo.

"Kamanda, sisi hapa siku ya tano tunakula maharage yenye wadudu. Mto uko hapa hapa. Hakuna kati yetu anayejua kuvua."

"Nani kakuuliza?"

"Hakuna. Nasema tu maharage."

Matiasi akalitazama kapu. Akaitazama saa. Akamwambia dereva, "Dakika kumi," na dereva akawasha sigara. "Mfungueni huyo. Avue mwenyewe nione. Evaristi, akiingia majini, piga."

Walipomfungua, vidole vya mzee havikufanya kazi. Kamba ilikuwa imeviua. Mimi nikachoma chambo, nikaficha ncha, nikaacha mkia. Yeye akaushika mti kwa viganja viwili kama mtu anayesali, akaiweka ndoana pale pale penye mafunjo, na kwa kuwa vidole havikuhisi kitu, akaubana mshipi kwa meno. Akafumba macho.

Sigara ya dereva ikafika nusu. Ikapita nusu. Evaristi alikuwa ameshausogeza mdomo wa bunduki, na sidhani kama alijua.

Kisha Niragira akarusha kichwa nyuma, na ukingoni akaruka samaki mmoja, ningu, mdogo kuliko kiganja changu.

Dereva akacheka. Matiasi hakucheka. Alimwinua yule samaki kwa mkia, akamgeuza huku na huku.

"Sikusema ukubwa," akasema mwishoni, kama anayejilaumu. Akampungia dereva mkono aende. "Huyu anabaki hapa na sisi. Kila siku avue. Vita ikiisha tutaulizana habari za karatasi." Kisha akalichukua kapu langu, akamtoa kambare, akatia ningu mahali pake. "Huyu mkubwa ni mchango wako wa vita. Umesikia?"

"Nimesikia, ndugu kamanda."

Gari likaondoka na benchi tupu. Nikamwendea Niragira kumuaga, nikamwambia shikamoo mara ya pili. Hakuitika. Alikuwa amekaa chini, anasugua vidole vyake kimoja kimoja, na anamtuma Evaristi akachimbe minyoo, ile minene, asilete ile myembamba, na bunduki aiache hapo inamchelewesha.