Chini ya Kawa la Ikulu

Usiku wa jana niliota ninapanda ngazi ya mbao kwenda Ikulu, kwa sababu ofisi ya mtaa walikuwa wamechoshwa na maswali yangu wakaniambia jambo lenyewe liko juu. Nilikuwa na swali moja tu: barabara mpya itapita kwenye jiko la mama au haitapita? Mama anaishi kwa kuuza vitumbua, na vitumbua vinatoka katika jiko lile. Mwaka mzima tulikuwa tukisikia fununu tu.

Ngazi ikaishia mlangoni. Nikapiga hodi mara tatu, kama nilivyolelewa. Sauti ikaitika, "Karibu. Vua viatu."

Ndani hamna mtu. Kuna meza, na juu ya meza kuna kawa la ukili, pana kama paa la banda, limefunika kitu kinachofuka mvuke.

"Shikamoo," nikasema, maana kawa lilionekana la makamo.

"Marahaba. Nafunika mashauri ya Rais. Usiguse."

Mimi nikiambiwa nisiguse, vidole vinawasha. Nikainama, nikatega sikio. Chini yake mawaziri wanabishana kwa sauti ndogo ndogo. Mmoja anasema, "Mheshimiwa, hapa tunakosea."

Nikainua ukingo kidogo.

"Mheshimiwa, wewe hujawahi kukosea," anasema yule yule, kwa furaha.

Nikashusha. "Tunakosea sana." Nikainua. "Hujawahi!" Nikaendelea hivyo mpaka kawa likanifinya.

"Umeona sasa?" likasema. "Wakijua wanasikilizwa, wanasifu tu. Rais ataongoza nchi kwa sifa?"

Nikakubali kwamba lina hoja. "Lakini shangazi, mimi sitaki kujua nani kasema nini. Nataka kujua barabara inapita wapi."

"Vyote viko sahani moja. Mimi sifunui nusu."

"Basi twende mahakamani."

"Tumeshafika."

Kweli, tuko jikoni kwa mama. Moshi ni ule ule na mafiga ni yale yale, ila juu ya kinu amekaa kuku mweupe aliyevaa joho. Karani, ambaye ni upawa, anatangaza kwamba jaji atakagua ushahidi peke yake, na wengine wote watazame ukutani. Tukatazama ukutani. Hata kikaango kiligeuka. Mama, kando yangu, anakoroga unga wa vitumbua bila kuuangalia.

Nikamsikia kuku akiingia chini ya kawa na kuanza kuparura. Alikaa humo muda mrefu.

"Mabishano yabaki huko huko," akasema alipotoka. "Uamuzi utoke. Unamhusu huyu mama."

"Na usalama wa taifa?" kawa likalalamika.

"Niliutafuta. Nimeukuta pembeni umelala. Sikuuamsha."

Akanitemea kitu cha moto kiganjani. Ilikuwa barabara, ndogo kama jongoo, taa zake zinawaka. Nikaiweka chini. Ikanusa mlango, ikanusa kinu. Niliiomba kimoyomoyo izunguke uani. Haikuzunguka. Ilikwenda moja kwa moja, ikapita katikati ya mafiga.

Nililia bila aibu. Mama hakulia. Aliuliza tu, "Lini?"

"Mliomba kujua wapi," akajibu jaji. "Lini hamkuomba."

Kawa likatufunika wote.

Nikaamshwa na sauti ya mama kutoka uani. "Hadia! We Hadia! Hebu njoo uone!"

Kulikuwa kumekucha. Kwenye ukuta wa jiko palikuwa na alama ya X nyekundu, kubwa, rangi bado inachuruzika. Mama alikuwa amesimama mbele yake na khanga ya kulalia.

"Wamekuja saa ngapi, hata hodi hawakupiga?" aliuliza. "Wangeniambia tangu mwaka jana, mwanangu, ningekuwa nimeshapata jiko lingine. Kosa langu mimi nini hata nisiambiwe?"

Niliona uchungu kuliko ule wa ndotoni. Nikainama ili asinione uso. Pale rangi ilipodondoka chini kulikuwa na nyayo za kuku, zimetoka jikoni zikaelekea nje.

Sisi hatufugi kuku.