Sababu ya Mama Kurudi

Nilikuwa nimechoka hata kabla kikao hakijaanza. Ukifundisha historia kwa muda mrefu unazoea kualikwa mwishoni, mambo yakishaamuliwa, uje unyunyize maneno machache ya zamani juu yake. Safari hii mwenyekiti wa kamati ya makazi alinivutia kiti yeye mwenyewe. Nikajua kuna kazi.

Mtaa wa nyuma ya kiwanda cha ngozi ulikuwa unahamishwa. Hilo lilishapita, watu wangepelekwa kwenye nyumba mpya kilimani, upande wa pili wa mji. Kilichobaki ni maji: mabomba yalazwe sasa hivi, au isubiriwe kwanza ionekane kama watu watatulia huko.

"Mtaa huu ulishahamishwa zamani, watu wakarudi," mwenyekiti alisema. "Kitabu umekiandika wewe. Tuambie tu, watarudi tena au hawatarudi?"

Mtaalamu wa jamii, mama mmoja mpole, alikuwa amepita nyumba kwa nyumba akiwauliza wenyewe. Wote walimjibu kwamba watakaa huko huko.

"Na wale wa zamani walijibu hivyo hivyo," mhandisi wa maji alisema huku akipiga miayo. "Nikizika mabomba halafu watu wakarudi, nani atanielewa?"

"Mimi kazi yangu ni kutazama nyuma," nilisema.

"Basi geuka," mwenyekiti akajibu, wote wakacheka. Nami nikacheka, kwa uchovu tu, nikaahidi kuleta ukurasa mmoja kesho yake.

Jibu nilikuwa nalo. Sura ya nne ya kitabu changu inaeleza jinsi watu wanavyoshikwa na mahali walipozoea, na inaanza na mama yangu. Nilipokuwa mdogo nilipelekwa kwa mjomba, mbali, nikasome. Huku nyuma mtaa ukahamishwa, mimi sina habari. Niliporudi likizo nilikuta nyumba nyingi zimebomolewa, lakini mama amesimama mlangoni kwetu, mlango ule ule wa kijani. Nikaja kumwandika hivyo: mwanamke aliyeikataa nyumba mpya kwa kuipenda ya kwake. Wanafunzi wanaipenda sana sura hiyo. Nami, niseme ukweli, niliipenda kuliko wao.

Jioni nilipita kwa dada yangu mkubwa, ambaye bado anaishi katika nyumba ile. Alifundisha hesabu mpaka akastaafu, na mtu akikosea mbele yake hamwachii. Nilimkuta ameketi juu ya sanduku, anafunga sahani kwa magazeti.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, Profesa. Kaa popote, viti nimeshavifunga."

"Unajisumbua bure," nikamtania. "Muda si mrefu utakuwa umerudi hapa, kama mama."

Aliiweka sahani chini. "Kama mama kivipi?"

"Si alirudi? Mahali palimvuta."

"Mahali!" Alicheka kicheko kikavu. "Mama aliichukia nyumba hii mpaka anaingia kaburini. Unyevu, kikohozi, harufu ya ngozi hata kwenye shuka. Kule alikopelekwa alipata vyumba vikavu. Alirudi kwa sababu yako."

"Kwa sababu yangu mimi?"

"Wewe ulikuwa kwa mjomba. Simu hakuna, barua hazifiki. Mama akasema, mtoto atashuka kwenye basi aje moja kwa moja mpaka hapa, akute vifusi na nyumba tupu. Ataelekea wapi? Akawa anakuja kila siku kukaa mlangoni, njia ikamchosha, mwisho akahamia. Na majirani waliorudi ni hivyo hivyo. Waume zao walikuwa mbali, kwenye ujenzi wa reli. Nani angewaambia familia zimepelekwa wapi?"

"Niliporudi mbona hakuondoka?"

"Nyumba yake mpya walishampa mtu mwingine. Ulidhani wanamtunzia?"

"Na wewe kwa nini hukuniambia?"

"Ulihoji mtaa mzima, na mashine yako ya kurekodi. Mimi uliniomba chai."

Niliona aibu, kisha nikaumia kweli kweli, maumivu ya mtoto. Miaka niliipata sawasawa, nyumba nilizipata, waliorudi niliwapata. Sababu ndiyo niliyoitunga, kwa kuwa ilinipendeza. Na kesho sababu hiyo ingewanyima watu maji.

"Wewe je," nikauliza, "utarudi?"

"Nirudi nimsubiri nani? Kila mtu ana simu mfukoni, akipotea apige." Akachukua sahani nyingine. "Ila nikikuta kule hakuna maji, hapo usiniulize. Magoti haya hayapandi kilima na ndoo."

Asubuhi niliandika ukurasa wangu. Niliandika kwamba zamani watu walirudi kwa sababu walikuwa na wapendwa wa kuwasubiri, na sababu hiyo imekwisha. Kama watarudi safari hii, sijui. Ila wakikosa maji watarudi, na watakaokuwa wamewarudisha ni sisi wa kamati. Mwisho nikaongeza kwamba sura ya nne ya kitabu changu ina kosa.

Mwenyekiti aliusoma akakunja uso. "Nilikuomba jibu moja."

"Ndilo hilo."

Mhandisi aliuvuta ukurasa, akausoma taratibu. "Wakirudi nitasema ulinidanganya wewe."

"Sema ni mimi."

"Haya. Nitaanza kuchimba."

Siku ya kuhama nilikwenda kumsaidia dada. Vyumba vilikuwa vitupu, sauti zetu zinagonga kuta. Nilisimama penye mlango wa kijani, pale pale aliposimama mama, nikashindwa kuendelea kubeba.

"Dada, ile sura nilimsomea mama. Alikuwa mgonjwa kitandani humu ndani, nikamsomea yote."

"Nakumbuka."

"Aliniambia nimeandika vizuri."

"Alisema hivyo," dada alikubali, akikaza kamba ya sanduku la mwisho. "Ulipotoka akaniomba nimfungie dirisha. Harufu ya ngozi ilikuwa imezidi."