Parachuti za Jora Moja

Mtu akiniuliza nafanya kazi gani, huwa namjibu kwamba nakunja nguo. Sisemi uongo. Nguo zenyewe ni parachuti za kushushia chombo kinachorudi kutoka angani, kila moja ukiitandaza inafunika ukumbi wa harusi, na kazi yangu ni kuikunja mpaka iingie kwenye mfuko usiozidi gunia la mkaa. Tunaitandaza kwenye meza ndefu, tunanyoosha kamba zake moja moja, tunakunja, tunashindilia kwa mashine, tunaiacha ipumue, tunashindilia tena. Mwisho wa siku nyingi mfuko unakuwa mgumu kama gogo. Mwenzangu kazini, mzee aliyejifunzia mikunjo jeshini na ambaye kila mtu anamwita Koplo ingawa alistaafu akiwa sajini, husema hii ndiyo kazi pekee ambayo ukiifanya vibaya mteja harudi kulalamika.

Mwenye kampuni tulimwita Tajiri. Alikuwa na roketi zake kama wenzake wanavyokuwa na malori, na biashara yake ilikuwa kuwapeleka angani watu waliochoka kwenda ufukweni. Msidhani namsema vibaya kwa sababu ya yaliyotokea. Nilimsema vibaya tangu mwanzo. Alikuwa na tabia ya kuingia ukumbini kwetu na wageni, akatushika mabega na kuwaambia kwamba sisi wote ni familia moja. Mimi familia yangu naijua. Ni mama yangu, na mdogo wangu wa kiume, kitinda mimba, ambaye tangu utoto namwita Goigoi, kwa kuwa alichelewa kutembea, akachelewa kusema, na hata shuleni kengele ilikuwa ikimkuta njiani. Goigoi huyohuyo ndiye aliyekuja kuwa rubani wa chombo cha Tajiri.

Safari hiyo alipanda na abiria wawili, mtu na mkewe, kuizunguka dunia siku kadhaa na kurudi. Waliondoka salama. Mama alishinda akipokea simu za pongezi, hata za ndugu waliotununia tangu msiba wa baba. Tatizo lilionekana wao wakiwa tayari huko juu.

Mhandisi wa vitambaa, binti mpole asiyeinua sauti, alikuwa ameweka kipande cha kitambaa kwenye tangi la majaribio, lile lisilo na hewa, akakipitisha kwenye joto na baridi kama ya huko angani. Kipande kilitoka kwenye jora lilelile tulilokatia parachuti zote tatu za chombo cha Goigoi. Jora hilo lilikuja limepakwa dawa mpya ya kuzuia unyevu, na kila aliyelipima lilipofika aliliona zima. Asubuhi hiyo alikitoa kipande chake, akaja nacho ukumbini kwetu, akakishika kwa mikono miwili mbele yetu na kukichana. Hakutumia nguvu. Koplo alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, kisha akakiomba naye akakichana. Mimi sikukigusa. Nilikaa juu ya sanduku la vifaa.

Niliuliza maswali ambayo mtu yeyote angeuliza. Parachuti zimefungiwa nje, juu ya chombo, na hakuna mkono unaoweza kuzifikia kutoka ndani. Chombo hakina mlango wa kuungana na chombo kingine, kwa sababu Tajiri aliona mlango huo unaongeza uzito bure. Kampuni nyingine yenye roketi ilipigiwa simu, ikajibu kwa huruma nyingi kwamba yao iko vipande vipande karakanani. Hewa ya kupumulia ilitosha safari na akiba kidogo tu. Huenda kitambaa cha huko juu kimevumilia kuliko hiki chetu, alisema mhandisi, kisha akaona nyuso zetu, akavitia mfukoni vile vipande. Ilikuwa washuke kesho yake, nao wangeshuka kwa parachuti hizohizo, kwa kuwa hazikuwepo nyingine.

Tajiri aliita kikao. Alisema wale watatu wasiambiwe. Kuwaambia kutawasaidia nini, aliuliza, zaidi ya kuwaharibia muda waliobaki nao? Macho yake yalikuwa mekundu, na kwa mara ya kwanza nilimwona hajachana nywele. Kilichonitia hasira, na mpaka leo kinanitia hasira, ni kwamba nilitafuta jibu la kumpa nikalikosa. Nilimwambia hana mshipa wa aibu. Akaitikia kwa kichwa kama vile tumekubaliana, na kikao kikaendelea.

Kila alasiri rubani alikuwa na muda mfupi wa kuongea na nyumbani, na nyumbani maana yake ni mimi, kwani mama akipewa kipaza sauti hupiga kelele mpaka watu wanavua vifaa masikioni. Msemaji wa kampuni alinikalisha kwenye chumba cha mawasiliano, akanionyesha kitufe cha kukatia laini kilichokuwa chini ya kidole chake. Akaniomba, kwa adabu kabisa, niongee na mdogo wangu kama kawaida.

Kawaida yetu sisi ni kutukanana. Sijawahi kumsalimia Goigoi vizuri tangu tukiwa watoto, na yeye hajawahi kunidai salamu. Jana yake tu nilikuwa nimemuuliza kama huko juu harufu ya soksi zake nayo inaelea. Siku hiyo nilitunga tusi zuri njia nzima kutoka ukumbini, nikaliweka tayari kwenye ncha ya ulimi. Aliposema haloo dada, likanipotea.

"Umekula?" nikamuuliza.

"Nimekula." Akacheka kidogo. "Hujambo wewe?"

"Sijambo. Umelala vizuri?"

Nilisikia feni za chombo, na kwa mbali yule mama abiria akimwonyesha mumewe kitu dirishani. Hapo nikajua nimeharibu. Kila aliyekuwemo chumbani mle angesema nimeongea vizuri mno, dada ampendaye mdogo wake, na msemaji alikuwa akiniitikia kwa kichwa kunipa moyo. Mdogo wangu peke yake ndiye aliyekuwa akiyapima maneno yangu na kuyaona yana walakini.

"Dada," akasema taratibu, "parachuti ulizikunja wewe mwenyewe?"

"Mimi na Koplo."

"Basi zitafunguka."

"Zitafunguka," nikasema. Hilo nilikuwa na hakika nalo.

"Sawa." Akavuta pumzi. "Kesho mama asije. Mwambie lolote, mwambie jua kali. Na hawa wageni wangu wamefurahi sana, sitaki kuwachosha na mambo ya nyumbani. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Haya, acha kulia. Utaharibu mitambo ya watu."

Sikuwa na habari kwamba nalia. Laini haikukatwa na msemaji. Goigoi ndiye aliyeaga kwanza, akasema ana kazi. Msemaji aliniletea maji ya kunywa, akaniambia nimejitahidi. Niliyanywa yote, kwa sababu kama mdomo wangu ungekuwa mtupu ningemwambia maneno ambayo yeye hakustahili kuyasikia.

Nyumbani nilimkuta mama akipiga pasi gauni lake zuri. Nilimwambia kesho jua litakuwa kali. Akasema ana kofia. Nikamwambia viti ni vichache, akasema atasimama. Nikamkumbusha presha yake, akajibu kwamba presha yake itashuka mtoto akishuka. Nilipoishiwa nikapandisha sauti, nikamwambia akienda mbele za watu huwa ananiaibisha, na hilo lilikuwa baya kuliko yote niliyowahi kumwambia maishani. Aliisimamisha pasi.

"Wewe una wivu na mdogo wako tangu alipozaliwa," akasema. "Mwanangu anarudi, na mimi nitakuwepo."

Lilikuwepo neno moja ambalo lingemzuia. Nikampokonya pasi, nikamalizia gauni mimi mwenyewe, na kwenye mikono nikalichoma kidogo, naye hakunigombeza.

Kesho yake tulikaa safu ya mbele kwenye ukumbi wa ndugu, ukuta mzima mbele yetu ukiwa skrini. Nyuma yetu walikaa ndugu wa abiria, watu wa manukato na viatu vya bei. Hatujakaa vizuri mama alikuwa ameshawazoea. Aliwaambia rubani ni mtoto wake, na aliyekunja parachuti ni mtoto wake pia, akaunyanyua mkono wangu juu ili wauone. Wakanishukuru. Mmoja wao, dada wa yule mke, aliniambia Mungu aniongezee. Niligeuka nikamwona Koplo amesimama mlangoni, ameipa skrini mgongo, na mhandisi karibu naye akitazama viatu vyake.

Chombo kiliingia kwenye hewa ya dunia kikiwaka, redio ikakatika kama inavyokatika siku zote. Kisha sauti ya Goigoi ikarudi. Alikuwa anasoma kasi na kimo, namba baada ya namba, polepole, bila kigugumizi, yule mtoto aliyechelewa kusema. Katikati ya namba nilimsikia akimwambia mama abiria afumbe macho kama anasikia kizunguzungu. Hakuniita wala hakuaga. Nilimpenda wakati ule mpaka nikaumwa kifua.

Parachuti zikatoka. Sijawahi kuona kazi ya mikono yangu ikifunguka vizuri vile. Kamba zilinyooka zote pamoja, mikunjo ikaachiana mmoja baada ya mwingine kwa mpango uleule tuliouweka mezani, hakuna iliyojisokota, zikajaa upepo zote tatu, nyeupe kwa rangi ya machungwa. Watu wakapiga makofi. Mama alinikumbatia, akanipigapiga mgongoni, akasema mikono yangu ina baraka. Nami nikaanza kujidanganya. Nilijiambia kwamba mhandisi amekosea, kwamba tangi lake lilizidisha baridi, kwamba jioni nitamtafuta nimtukane mbele za watu na nitamtukana kwa furaha.

Kisha kwenye parachuti ya kushoto ukaonekana mstari wa bluu. Lilikuwa ni anga, nikiliona kupitia kitambaa changu. Mstari ukapanuka. Kwenye ile ya kati yakatokea matundu mawili, madogo, kama ya nguo iliyoliwa na nondo. Goigoi alikuwa bado anasoma namba, ila sasa zilikuwa zinapishana upesi mno. Kwa mtu asiyejua kitu picha ilikuwa bado nzuri, chombo kinaning'inia chini ya rangi zile, jua limekipiga.

Makofi yakapungua. Mama ndiye aliyeuliza kwanza, kwa kuwa yeye alikuwa na wa kumuuliza.

"Hayo matundu," akasema, akinyoosha kidole, "ni ya kupitisha upepo?"

Nyuma yetu viti vililia. Watu walikuwa wameanza kusimama, na nilijua bila kugeuka kwamba wanalitazama jina la kampuni mgongoni mwa sare yangu. Kilichokuwa kimebaki mpaka ardhini ni pumzi chache tu.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Ni ya kupitisha upepo."

Mama akawageukia. Akawaambia wasiwe na wasiwasi, wakae chini, binti yake ndiye aliyezikunja kwa mikono yake, na anasema yale matundu ni ya kupitisha upepo. Wakakaa.