Tereza Presha

…na inaita tena, Tereza Presha, ndivyo alivyomwandika kwenye simu yake kana kwamba ndilo jina la ubatizo, na mikono yangu inateleza kwa mboga hii ya mlenda, iite tu, mimi si karani wake, mwenyewe yuko bafu la nje anajimwagia maji na kuimba, mzee mzima, tangu lini mume wangu Mazengo akaoga kabla ya kula… tangu nesi Devota alipowapanga wawili wawili kliniki ya presha, kila mgonjwa na mwenzake wa kumkumbusha dawa jioni, wanaokaa jirani, akasema, na jirani akatokea kuwa mjane wa huku huku Msalato, mwenye meno yote… ndiyo, nina wivu, na uzee huu nina wivu, niseme uongo? Mimi nimemkumbusha miaka, Baba Jordan dawa, Baba Jordan umemeza, ananijibu kwani mimi mtoto, presha imeshuka, nimeze ya nini, hadi siku ile alipoanguka sokoni Kibaigwa katikati ya magunia ya mahindi, wakaniletea mdomo umekwenda upande, nikamlisha uji kwa kijiko, mimi, siyo Tereza, nikamfuta udenda, na mdomo ulipokaa sawa ukaanza na Tereza kasema. Tereza kasema chumvi ipungue. Chumvi hiyo niliipunguza mimi zamani, akasukuma sahani, akasema hiki chakula cha wodini, leo anakula hivyo hivyo na kusifu… simu imekatika. Sasa hatameza, namjua, bila simu ile hagusi dawa, na ningeweza kuizima kabisa, niifiche chini ya kanga zangu, niseme chaji imeisha, leo tu, na kesho… mdomo ule ulivyokwenda upande, Mungu wangu, nawaza nini mimi… inaita tena, hachoki huyu mama, naye kule bafuni kasikia.

"Mama Jordan, simu hiyo. Mwambie dawa bado, naja."

Mwambie. Ningemwambia mengi. Juzi katuma zabibu za Makutupora, eti za kaka Mazengo, nikazila zote nimesimama, tamu, na kila punje ikaniuma… na kichwa hiki, kisogoni, kinagonga tangu asubuhi, maana na mimi nina presha, nani anakumbuka, dawa zangu ziko kabatini sijazigusa tangu mvua zianze, nilisema moyoni ngoja nione, amezoea kuniona nikimeza, ataona simezi, ataniuliza, Zipora, vipi… hajauliza. Nikaona heri nianguke, hapa hapa jikoni, ajue, alie… na akishalia? Atampigia nani? Atampigia huyu huyu anayeita sasa, naye atakuja mbio, atashika mwiko wangu, atakalia kigoda changu, atamwambia kaka Mazengo kula, kaka Mazengo meza, naye atameza. Mjinga mimi. Namnunia mwanamke kwa kujiua mwenyewe, na yeye hata hajui kama tunagombana… wala simsingizii, hanyemelei chochote, anapiga simu tu, na kwa simu zake mume wangu yu hai na anaimba, hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba ninamdai ugomvi na yeye ananidai asante. Lakini kufa nimwachie nyumba, hapana. Sifi. Na kuulizwa… nilimwambia lini aniulize? Nimenuna nikamngoja aone, mtu asiyeona hata mkewe akinyoa kichwa… maji bado yanamwagika, simu bado inaita, mikono yangu bado ina mlenda, na maneno nayajaribu kimyakimya, yananitia aibu kama mwali, Baba Jordan, nimeacha dawa, kichwa kinaniuma, na kama unaweza kumsikiliza mtu wa simuni kila jioni, basi niulize na mimi, wewe, kwa mdomo wako, kama nimemeza.