Fupisha

Kwa leseni aliyokuwa nayo, mke wangu aliruhusiwa kusikiliza dunia nzima na kujibu mtaa mmoja. Ndivyo ilivyo leseni ya daraja la mwanzo ya redio ya ridhaa, ile ya watu wanaozungumza hewani kwa mapenzi tu: masikio hayana mpaka, mdomo umefungwa kamba fupi. Aliipata akiwa msichana wa sekondari, kwenye klabu ya shule. Baadaye akasomea uuguzi, akaolewa na mimi, tukapata watoto, na redio ikahamia juu ya kabati la nguo, chini ya masanduku ya viatu. Mimi ni fundi cherehani. Sikuwahi kuuliza lile dubwana ni la nini, maana kila nyumba ina dubwana lake.

Watoto walipoondoka tukahamisha kabati na redio ikashuka. Akaifuta, akaichomeka kwenye umeme, ikawaka. Ilikuwa Jumamosi, mimi napinda suruali ya mteja pale sebuleni ninaposhonea. Nilipoinua kichwa nikamwona amesimama na kitambaa cha vumbi mkononi, hasogei. Kwenye spika kulikuwa na mlio mwembamba, ti-ti-taa, ti-taa, ile lugha ya nukta na vistari ambayo watu wa redio huzungumza hewani kwa kidole.

"Huyu ni Mwalimu," akasema.

"Mwalimu gani?"

"Mwalimu wa klabu yetu. Huu ni mkono wake."

Akanieleza kwamba kila mtu ana mkono wake kwenye kibonyezo, na aliyeuzoea haupotezi. Hilo nikalielewa mara moja. Nikiletewa koti lililoshonwa na fundi wa ng'ambo ya barabara sihitaji kuambiwa limetoka kwa nani. Mshono wenyewe unamtaja, na mara nyingi unamtaja vibaya.

Mwalimu alikuwa anamwita mtu yeyote aliye hewani, na hakuna aliyemjibu. Mke wangu naye alikaa kimya, kwa sababu masafa yale hayakuwa ya daraja lake. Nikasema ambalo mtu yeyote angesema.

"Si ubonyeze tu? Nani atajua?"

"Yeye atajua. Jina la hewani linaonyesha daraja la mtu. Akilipata langu kwenye masafa haya, atazima redio."

Jina la hewani ni zile herufi na tarakimu zinazokuja na leseni, na huko ndizo anazotumia mtu badala ya jina alilopewa na wazazi wake. Nikauliza ni mwalimu wa namna gani atakayezima redio kwa sababu hiyo. Akasema wa namna hiyo hiyo.

Akaulizia kwa wenzake aliosoma nao, mpaka akapata simu ya binti yake Mwalimu. Mzee alikuwa amestaafu na kurudi kwao, safari ya siku mbili kwa basi. Nilisikia mazungumzo yote, kwa vile mke wangu huongea na simu huku ameiweka mezani.

"Dada, simu hasikii tena," binti akasema. "Masikio yameisha kabisa."

"Sasa redio anaisikiaje?"

"Anaweka vidole kwenye spika. Anahisi inavyotetema."

"Na nikimwandikia?"

"Atasoma. Halafu ataniuliza huyu ni nani. Majina yamemtoka, dada. Mimi mwenyewe kuna siku ananiita shangazi. Hata ukija atakupokea vizuri tu, lakini ukitoka ataniuliza ulikuwa nani. Kilichobaki ni hiyo redio yake ya kila Jumamosi."

Simu ilipokatika mke wangu alikaa kitako kwenye kiti cha wateja.

"Nataka anijue," akasema. "Kabla hajafika mahali pa kutomjua mtu yeyote. Nyumbani kwetu msichana akishika bisibisi ananyang'anywa. Yeye alinipa ya kwangu."

Basi akaenda kujiandikisha kwa mtihani wa daraja la juu, lenye ruhusa ya masafa yale. Afisa wa leseni aliigeuza ile karatasi yake ya zamani mbele na nyuma.

"Mama, hii ni ya lini?"

"Ya siku nyingi."

"Naona. Mimi nilikuwa bado sijazaliwa."

Alinisimulia hayo akivua viatu, kwa sauti ya mtu anayepanga kulipiza. Kitabu chake cha klabu kilikuwa kinanuka dawa ya nondo na nusu ya sheria zake zilishabadilika. Akanunua kingine. Alikisoma kwenye kliniki ya meno anakofanya kazi, katikati ya mgonjwa na mgonjwa, na nyumbani alikokotoa mahesabu ya antena kwenye karatasi zangu za kukatia ruwaza. Siku moja nilikata kola ya shati kwa kufuata mstari wake badala ya wangu. Nikamuuliza hayo mawimbi ya Mwalimu yanaitwaje, akasema mawimbi mafupi, na kwamba ndiyo yanayofika mbali. Nikaona watu wa redio hawana tofauti na wanasiasa, wanayapa mambo majina kinyumenyume.

Akafunga waya wa antena kutoka dirishani hadi kwenye nguzo ya uani. Asubuhi yake jirani akaanika mashuka juu yake, akanishukuru kwa kamba. Ikabidi nimnunulie kamba ya kweli.

Mtihani siku hizi hauna nukta na vistari, ni maswali matupu. Hata hivyo alifanya mazoezi ya kibonyezo kila jioni, kwa ajili ya Mwalimu. Alikuwa na kosa moja tangu shuleni: kistari cha mwisho cha neno alikivuta kuliko vingine. Klabuni Mwalimu alikuwa akigonga meza na penseli na kumwambia neno moja tu, "Fupisha." Neno hilo mimi nalisikia kutwa kucha, kila anayeingia na suruali mpya huja nalo. Mke wangu hakutaka kurudi mbele ya mzee wake na kosa lile lile.

"Kimevutika?" aliniuliza kila baada ya neno.

"Kimevutika."

Ilifika mahali nikawa nasikia mvuto huo hata nikiwa naendesha cherehani, mimi nisiyejua herufi hata moja. Tukaukata kidogo kidogo, kama pindo, hadi vistari vyake vyote vikawa sawa.

Mtihani wa kwanza alifeli. Alisema "nimefeli" akaingia jikoni, nami nikajua nisimfuate. Jumamosi iliyofuata Mwalimu hakusikika, na ile nyingine pia. Nilimwona anavyokaa mbele ya ile spika na nilimhurumia, ingawa sikusema, kwa kuwa angeniuliza nimemaliza sare za shule au bado. Wiki ya tatu mkono ule ukarudi, taratibu zaidi. Mzee alikuwa na mafua, binti yake akatuambia baadaye. Mke wangu akaomba kurudia mtihani, na safari hii akafaulu.

Leseni ilipotoka akaisoma mara mbili.

"Wamenipa jina jingine la hewani," akasema. "Daraja jipya, jina jipya."

"Kwani la zamani angelikumbuka?"

"Sijui. Nilikuwa nategemea."

Jumamosi tulifunga mlango na nikageuza kibao cha wateja. Mwalimu alikuwepo, anaita. Mke wangu akajibu. Alituma jina jipya la hewani, jina lake mwenyewe, jina la shule, jina la klabu. Alituma vizuri sana. Kila kistari kilikuwa sawa na mwenzake, kama mshono wa kiwandani, na mimi niliona fahari nikiwa nimesimama nyuma ya kiti chake.

Jibu likaja. Akaliandika kwa herufi kubwa kwenye karatasi yangu ya ruwaza: ASANTE. NAKUPATA VIZURI. KARIBU HEWANI.

"Hivyo ndivyo anavyomwambia kila mtu," akasema.

Akarudia jina, akarudia klabu. Mlio ukakatika, ukaanza tena, na kalamu ikaandika: SAMAHANI. SIKUKUMBUKI. Kisha nukta nyingine chache ambazo hakuziandika.

"Ananiaga," akasema.

Niliona uchungu, na nilikasirika pia, sijui nilimkasirikia nani. Jioni zote zile. Nikaitazama mikono yake pale mezani.

"Huo si mkono wako," nikamwambia.

"Huu ndio mzuri."

"Ni mzuri, sikatai. Lakini tumeushona upya mimi na wewe, yeye ataujulia wapi? Vuta."

Akaniangalia kama vile nimemwambia akate kitambaa bila kupima. Halafu akabonyeza. Alituma jina lake peke yake, na mwisho wa neno akaacha kidole kikae. Nilikisikia kile kistari kikienda, taaaa, kile kile tulichohangaika nacho msimu mzima. Akarudia, akavuta tena.

Spika ilikuwa na mkwaruzo tu. Nikawaza vidole vya mzee juu ya spika yake, huko kwao, na nikawaza kwamba huenda ameshaviondoa. Mke wangu hakugeuka. Alikuwa ameishika kalamu kwa ngumi, kama mtoto wa darasa la kwanza.

Mlio ukaja. Ulikuja haraka kuliko siku zote, neno moja. Akaandika F. Akaandika U. Alipofika kwenye P sikuhitaji tena kusoma, na yeye hakuhitaji kuandika. Alikuwa na furaha kiasi kwamba aliniangalia usoni mbele ya redio iliyowashwa, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

Kisha akarudisha kidole kwenye kibonyezo, akamjibu. Hakufupisha.